Mbuni: Historia ya Mti na Haki ya Kuutunza

Mbuni ni kichaka cha Afrika chenye majani mabichi yang'aayo na maua meupe mithili ya asumini. Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, matawi yake hufunikwa na maua kwa siku chache tu, na shamba zima hunukia. Maua yakipukutika, huacha vitunda vidogo vya kijani, na vitunda hivyo hukaa mtini miezi saba hata tisa kabla ya kuiva na kuwa vyekundu. Ndani ya kila tunda hulala punje mbili, zimeelekeana kama pacha. Punje hizo ndizo kahawa.

Apendaye historia ya Kenya hana budi kuijua historia ya kichaka hiki, kwa maana kwa miaka mingi palikuwa na ubishi mkubwa juu ya nani awezaye kukitunza. Kwa nje ubishi huo ulionekana kuwa wa kilimo. Ukweli ni kwamba ulikuwa ubishi juu ya haki.

Asili ya mbuni wa Arabika ni misitu ya nyanda za juu za kusini magharibi mwa Ethiopia. Wataalamu wa mimea wamethibitisha kwamba ulitokana na kuchanganyika kwa jamii mbili nyingine za mibuni ya Afrika. Mmoja wa wazazi wake ni Robusta, ambao Wahaya wa Bukoba na Waganda waliujua kabla Mzungu hajafika kwao. Wahaya walichemsha matunda yake, wakayakausha na kuyatafuna, na kumpa mgeni kahawa ilikuwa heshima. Katika Buganda, watu wawili waliotaka kuchanjiana udugu walipasua tunda moja, kila mmoja akachovya punje yake katika damu yake, kisha wakabadilishana na kuzila. Ni dhahiri basi kwamba Mwafrika hakuhitaji kufundishwa na mgeni kuwa mti huu una thamani.

Kutoka Ethiopia mbuni ulivuka bahari hadi Yemen, na huko, katika karne ya 15, masufi walikunywa kahawa ili wapate kukesha katika ibada. Maneno yetu buni na kahawa yametoka katika lugha ya Kiarabu. Waholanzi waliupeleka mti huo Java, na Wafaransa wakaupanda katika kisiwa chao cha Bourbon, ambacho leo huitwa Réunion. Kutoka Réunion walikuja mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Unguja mwaka 1860 na kufungua misheni Bagamoyo mwaka 1868. Mbegu zao zilifika Bura, katika milima ya Taita, mwaka 1893, kisha zikapelekwa kwenye misheni ya karibu na Nairobi. Hivyo mti uliozaliwa katika nchi jirani ulizunguka bahari na visiwa, ukaingia Kenya kama mgeni kutoka ng'ambo.

Kuutunza mti huu kwataka subira. Mbegu hupandwa kitaluni chini ya kivuli, na miche hulelewa huko mpaka ipate nguvu. Mashimo huchimbwa mapema, yakajazwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi, na miche huhamishwa mvua zinapoanza. Tangu hapo mkulima hupalilia, hutandaza nyasi kavu shinani ili kuzuia unyevu usipotee, na hupogoa matawi ili mwanga na hewa vipite. Asipopogoa, mti huzaa kupita kiasi mwaka mmoja na kuchoka mwaka ufuatao. Mavuno ya kwanza huja mnamo mwaka wa tatu. Hata hapo kazi haijesha, kwani matunda hayaivi kwa pamoja, na mchumaji lazima arudi tena na tena kwenye mti ule ule, akichuma mekundu na kuacha ya kijani. Matunda yaliyochumwa humenywa siku ile ile, punje zikavundikwa hata utelezi wake ulegee, zikaoshwa kwa maji safi na kuanikwa juani juu ya vichanja.

Ni mikono ya nani iliyofanya kazi hizi katika mashamba makubwa ya Kiambu, Thika na Ruiru wakati wa ukoloni? Ilikuwa mikono ya Waafrika. Waume walichimba mashimo na kupogoa. Wanawake na watoto walichuma, wakilipwa kwa debe. Lakini mtu yule yule aliyepogoa mibuni elfu ya bwana shamba hakuruhusiwa kupanda hata mmoja nyuma ya nyumba yake. Sheria ya mwaka 1918 ilidai kila shamba la kahawa liandikishwe na kupewa leseni, na kwa muda mrefu leseni hiyo haikutolewa kwa Mwafrika.

Walowezi walitoa sababu zao. Walisema kwamba Mwafrika hatautunza mti, na shamba lake litakuwa makao ya wadudu na magonjwa. Kwamba kahawa yake mbaya itaharibu sifa ya kahawa ya Kenya huko London. Na kwamba wezi wataiba kahawa ya mashamba makubwa na kuiuza kana kwamba ni yao. Palikuwa na sababu nyingine iliyosemwa kwa sauti ya chini. Mtu mwenye kahawa yake aweza kulipa kodi kwa kahawa yake, na akiweza hivyo, nani atakwenda kuchuma kahawa ya mlowezi?

Matukio ya mwaka 1922 yatufunulia jambo hili. Mwaka huo Harry Thuku alikamatwa, kwa kuwa alikuwa amepinga kipande, kupunguzwa kwa mishahara, na kulazimishwa kwa wanawake na wasichana kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Tarehe 16 Machi watu waliokusanyika Nairobi kudai afunguliwe walipigwa risasi, na wengi wakafa. Mwaka huo huo ugonjwa mpya uligunduliwa magharibi mwa Kenya, ukungu unaoozesha matunda ya kahawa yangali mabichi. Ugonjwa huo ulizuka wakati ambapo kilimo cha kahawa kilikuwa mikononi mwa walowezi. Basi ile hoja kwamba ugonjwa ungeletwa na mkulima wa Kiafrika ilikuwa na kasoro tangu mwanzo.

Jibu lililo wazi zaidi lilitoka ng'ambo ya mpaka. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Wachaga walipanda mibuni kati ya migomba yao, na afisa wa wilaya, Charles Dundas, aliwatia moyo. Mwaka 1925 waliunda chama chao cha wakulima, kikiongozwa na Joseph Merinyo, ili wauze kahawa kwa pamoja na kupambana na magonjwa. Mwaka 1933 chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilichukua nafasi yake. Walowezi wa huko nao walilalamika, lakini kahawa ya Wachaga ilinunuliwa.

Katikati ya miaka ya 1930 serikali ya Kenya ililegeza kamba kidogo. Watu wachache wa Kisii, Meru na Embu, mbali na mashamba ya walowezi, waliruhusiwa kupanda mibuni michache chini ya macho ya maafisa wa kilimo. Hawakuiacha miti yao ife. Hata hivyo, Kiambu, Murang'a na Nyeri zilingoja hadi miaka ya 1950. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, ulitolewa mpango wa R. J. M. Swynnerton, afisa aliyewahi kufanya kazi Tanganyika na kuijua kahawa ya Wachaga. Mpango huo ulifungua mlango kwa wakulima wadogo, ukaleta hati za mashamba na viwanda vya ushirika. Lakini tusisahau kwamba mashamba yaliunganishwa na kugawanywa upya huku maelfu ya watu wakiwa vizuizini, na kwamba waliokuwa upande wa serikali walitangulizwa. Haki ililetwa kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ukachagua wa kuipokea.

Muda si muda hofu za walowezi zilionekana kuwa hazina msingi. Mwaka 1959 Harry Thuku, aliyekuwa sasa mkulima wa kahawa, akawa Mwafrika wa kwanza kuingia katika halmashauri ya chama cha wapanda kahawa cha Kenya. Kahawa ya mashamba madogo ya milimani ilipata sifa sokoni, mingi yake ikiwa ya mbegu ya SL28 iliyochaguliwa na maabara ya Scott huko Kabete katika miaka ya 1930. Baadaye, mwaka 1985, kituo cha utafiti cha Ruiru kilitoa mbegu ya Ruiru 11, yenye kustahimili ukungu wa matunda na kutu ya majani.

Lakini historia haikuishia kwenye ushindi. Katika mwaka wa mazao wa 1987/88 Kenya ilivuna karibu tani 130,000 za kahawa. Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa yaliyogawa soko la kahawa yalivunjika, bei zikaanguka, na malipo ya mkulima yakaliwa na madeni na usimamizi mbaya wa vyama. Kwa miaka mingi sasa mavuno hayafiki nusu ya yale ya zamani. Wengine wameng'oa mibuni yao, na katika Kiambu nyumba zimeota palipokuwa na maua meupe. Je, watu hawa wamesahau kupogoa? La. Wanajua vizuri, lakini hapana atakayelea mti usiomlea.

Vijana wasomaji, wahenga walisema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Historia ya mbuni yatuonya kwamba wako waliochumia juani, na kivuli kikakaliwa na wengine. Mtakaposikia watu fulani wakiambiwa kwamba hawawezi kutunza kitu, shamba, shule au nchi, ulizeni kwanza kama wameruhusiwa kuwa nacho, na kama matunda yake huwafikia. Mti hustawi mikononi mwa yule ambaye mavuno ni yake.