Nani Aliitengeneza Fremu Hii?

Fremu ya baiskeli isiyo na nembo haikai muda mrefu bila kubandikwa jina. Kule Mtowisa, bondeni chini ya Lyamba lya Mfipa, kila baiskeli ya zamani ni Raleigh, basi. Mzee mmoja alinionyesha fremu ya marehemu baba yake. Wanawe walishakata shauri: kama si Raleigh, iende kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Yeye alishikilia neno moja: baba aliitengeneza mwenyewe.

Madai kama haya yanapimika. Raleigh ya Nottingham, Uingereza, iliacha alama hata pale rangi inapokwisha. Kwenye kibomba kinachobeba ekseli ya pedeli, hesi zake zilikuwa 26 kwa inchi. Viwanda vingine vingi vya Kiingereza vilikata 24. Nikahesabu kwa rula: 26. Vijana wakacheka, kesi imekwisha.

Haijaisha. Bomba la juu lina mshono kwa ndani, ni bomba la maji. Kiwandani shaba ya kuunganishia hujificha ndani ya kiungo, na inayozidi husafishwa. Hapa imemwagika nje, kisha ikapigwa tupa. Nyuma fremu imerefushwa karibu shubiri moja na kutiwa nondo, ili keria ibebe gunia la mpunga. Kisha nikaonyeshwa kitanda cha chuma ambacho marehemu alikiunga mguu: nondo ileile, shaba imemwagwa vilevile, na tupa imepita kwa mshazari uleule. Kwangu mimi huo ni mkono mmoja. Kibomba ni cha Nottingham, fremu ni ya Mtowisa.

Kwa nini hilo lilikuwa gumu kuaminika, tena Ufipa? Juu ya uwanda huu watu waliyeyusha chuma kwa malungu, matanuru ya udongo yenye kimo cha kama mita 3, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivuo. Chuma kilichotoka kilisafishwa tena kwenye tanuru dogo, kintengwe, lililopulizwa kwa mivuo, ndipo kikafuliwa kuwa jembe. Yakaja majembe ya kiwandani, ya bei nafuu, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kazi ile ikafa. Malungu yaliyobaki porini tunayaita ya "wahenga", kana kwamba hayakujengwa na watu wenye majina. Tumezoea kudhani kuwa kitu kisicho na mhuri hakina fundi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama kwenu kuna fremu ya namna hii, kabla haijafika kwenye mizani ya chakavu igeuze juu chini. Hesabu hesi, tafuta mshono, papasa shaba. Halafu muulize mkubwa wa nyumba ni nani aliyeichomelea, na uliandike jina hilo.