Robusta ya Kagera: mti mwema, fedha za haraka

Mwanza inajulikana kwa pamba, samaki na dhahabu. Ila kwa miongo mingi magunia ya kahawa kutoka ng'ambo ya ziwa yalipita bandarini hapa: yanapakiwa melini Bukoba, yanashushwa Mwanza, treni inayachukua kwenda pwani. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya hapo kahawa ya Buhaya, nchi ya Wahaya huko Kagera, ilizungukia Kisumu, iliyopata reli mwaka 1901, ikatokea Mombasa.

Kwa kuwa ilisafiri sana kwenda kwa Wazungu, wako wanaodhani kuwa Wazungu ndio walioileta. Arabika, sawa, ilikuja na wageni. Robusta waliikuta. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipokuwa Kazeh, Tabora ya leo, mwishoni mwa miaka ya 1850, alisikia kwa wafanyabiashara Waarabu habari za kahawa ya Karagwe, ambayo wenyeji wa huko hawakuinywa bali waliitafuna.

Hiyo ndiyo amwani. Matunda huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, huanikwa yakauke, kisha hutunzwa kwa ajili ya wageni. Hata undugu wa kuchanjiana ulifungwa kwayo: tunda moja lina punje mbili, kila mmoja akapaka damu yake kwenye punje na kummezesha mwenzake. Bakama, watawala wa Buhaya, walidhibiti upandaji wa miti. Na punje iliyochemshwa haioti, kwa hiyo aliyeinunua hakwenda kuanzisha shamba lake. Kahawa ilitoka Buhaya ikiwa imekwisha kutengenezwa, na bei yake ilijulikana huko huko.

Mkoloni alitaka kahawa ghafi, tena kwa wingi. Wakulima walipanda kwa hiari kwa sababu fedha ilikuwepo, lakini serikali ya Kiingereza ilipoanza kuwaamrisha namna ya kutunza mibuni yao, mwaka 1937 Buhaya iliwaka moto. Haikuwa ujinga wa mkulima. Kibanja cha Mhaya, chenye migomba inayoipa mibuni kivuli, majani makavu yaliyotandazwa chini na samadi ya ng'ombe, ni kilimo ambacho leo wataalamu hulipwa kwenda kukihubiri mahali pengine.

Ushirika ulikuja kudai sehemu ya faida. Chama kikuu cha ushirika cha Bukoba kilianzishwa mwaka 1950, na katika miaka ya 1960 mji ukapata kiwanda cha kahawa ya unga ya kuyeyuka, TANICA, ambacho mikebe yake iko madukani hadi leo. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vyote nchini; viliporudi katika muongo uliofuata, mtaji na imani ya wanachama vilikuwa vimepungua. KCU, mrithi wa chama kile cha Bukoba, ilipata nafuu katika masoko ya biashara ya haki ya Ulaya, hasa baada ya mkataba wa kimataifa wa kahawa kuvunjika mwaka 1989 na bei ya dunia kuporomoka.

Pigo jingine lilitoka ardhini. Mwaka 1997 mnyauko fuzari ulibainika Kagera, ugonjwa unaoua mbuni mzima, na tiba hauna. Taasisi ya utafiti wa kahawa TaCRI, iliyoanza kazi mwaka 2001, ilijibu kwa kuzalisha miche ya robusta inayoustahimili.

Lakini adui ninayemwogopa zaidi kwa ubora ni butura. Mkulima mwenye shida ya ada au matibabu huuza kahawa ingali mtini, kwa bei ya kutupa. Kahawa hiyo mnunuzi huitaka upesi, hivyo mbichi na mbivu hupukuswa pamoja na kuanikwa chini, juu ya udongo. Robusta ya namna hiyo huwa chungu na yenye ladha ya vumbi, halafu lawama hutupiwa mti.

Mti hauna kosa. Karibu mwaka 2010 Uganda, pamoja na taasisi ya kimataifa ya ubora wa kahawa, ilisaidia kuweka viwango vya robusta bora, vyenye kipimo cha alama 100 ambapo 80 ndiyo mlango wa kuingilia. Masharti yake mkulima wa Muleba anayaweza: kuchuma nyekundu tupu, kuanika juu ya vichanja, kugeuza mara kwa mara hadi unyevu ushuke kufikia kama asilimia 12. Asichoweza ni kufanya kazi hiyo yote kisha alipwe sawa na jirani aliyepukusa.

Kwa hiyo mnunuzi wa Mwanza naye ana neno. Ukinunua kahawa iliyokaangwa, uliza ilikaangwa lini na imetoka wilaya gani. Ikiwa ya Tarime ni arabika, ikiwa ya Karagwe huenda ni robusta, na zisiuzwe kana kwamba ni kitu kimoja. Iliyokaangwa hadi kung'aa mafuta kama lami iache dukani, maana moto mkali huficha kasoro zote za uanikaji. Na muuzaji akikuambia bei imepanda kwa sababu imechumwa nyekundu, muulize mkulima aliongezewa shilingi ngapi kwa kilo.