Michoro ya Tingatinga na Picha Zitembeazo

Wanafunzi wangu hupenda kudhani kwamba katuni za senema ni mgeni aliyeingia kwetu kwa mlango wa televisheni, asiye na jamaa hapa. Dhana hiyo si ya kweli yote. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hivi, kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya vibao vya mraba. Mauti yalimfika mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliishika kazi, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Wanyama wa michoro hiyo hawana kivuli. Kila mmoja ana mpaka wake, kana kwamba amekatwa kwa mkasi akabandikwa. Mtu wa katuni akiwatazama huona viungo vinavyongoja kutikiswa. Ndiyo sababu, nadhani, studio ya Homeboyz ya Nairobi, pamoja na kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza, iliweza kutengeneza vipindi 52 vya Tinga Tinga Tales, vilivyoanza kuonyeshwa mwaka 2010, na mtindo wa vibao usipotee.

Lakini hadithi zile, ijapokuwa za Afrika, zilinenwa kwanza kwa Kiingereza. Kumbe picha hutembea upesi kuliko lugha! Hilo nilijifunza miaka michache baadaye, nilipoajiriwa na studio ndogo ya katuni, Dar es Salaam, niangalie Kiswahili cha wahusika. Tulikuwa watu saba, chumba kimoja na feni moja, nami sijapata kufurahia kazi kama ile. Neno ambalo Mwingereza hulimaliza kwa silabi moja, sisi husema "wanakimbizana". Sungura alikuwa akifunga mdomo neno lingali njiani.

Ugomvi mkubwa, hata hivyo, haukuwa wa maneno. Bibi yangu, kwetu Kaoze katika bonde la Rukwa, alipofika pale sungura anapouliza swali lake, alinyamaza kwanza. Senema yetu ilihitaji picha 24 kwa sekunde moja. Mimi nilitaka sekunde tatu, yaani picha 72, za sungura asiyefanya neno ila kupepesa macho.

"Ndugu mwalimu," akasema mchoraji, "wataka nichore kimya?"

Tulibishana hata jua likachwa. Akanipa sekunde mbili; lakini ndani yake, bila kuombwa, akaliinamisha sikio moja la sungura polepole mno. Nilipoona nikasahau deni langu la sekunde ya tatu.

Likizo ilipofika niliichukua kazi ile katika kompyuta, nikateremka Lyamba lya Mfipa hadi Kaoze. Bibi alisikiliza amefumba macho, kwa kuwa mwanga ulimsumbua. Sikio hakuliona. Ulipofika ule ukimya, alimjibu sungura kwa sauti, kisha akaniuliza mbona amekawia kuendelea.