Mlango wa nyumba yako ulikuwa na sheria tangu 1908

SHABUNDA, Kivu Kusini. Usiku, mtu akigonga mlango na kusema yeye ni serikali, familia nyingi hufungua bila kuuliza neno. Woga huo umetoka mbali. Lakini sheria ya kulinda mlango huo, nayo si ya jana.

Mwaka 1908 Ubelgiji ilichukua Kongo kutoka mikononi mwa mfalme Léopold II. Sheria kuu ya koloni ya tarehe 18 Oktoba mwaka huo iliwapa wakaaji baadhi ya haki zilizoandikwa katika katiba ya Ubelgiji. Kati yake kulikuwa na hizi mbili: nyumba ya mtu haiingiliwi ovyo, na siri ya barua haivunjwi. Hiyo ilikuwa kwenye karatasi. Huku kwa Warega, utawala uleule ulipiga marufuku Bwami mwaka 1948. Leo vinyago vya Bwami viko katika makumbusho ya Tervuren, mbali na nyumba zilizovitunza.

Katiba tuliyo nayo sasa ilipigiwa kura na raia Desemba 2005, ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 29 kinasema makao ya mtu hayaingiliwi. Msako unafanywa tu kwa namna na masharti ya sheria. Kifungu cha 31 kinalinda maisha ya faragha, barua na mawasiliano, maana yake hata simu.

Masharti ni yapi? Sheria ya kesi za jinai ya tarehe 6 Agosti 1959 inakataza msako kuanza kabla ya saa kumi na moja alfajiri au baada ya saa tatu usiku, isipokuwa kwa ruhusa ya mkuu wa mahakama. Kifungu cha 69 cha sheria ya adhabu kinamfunga siku 8 hadi miaka 2 mtu anayeingia kwa nguvu au vitisho bila amri. Kifungu hicho kinataja hata chumba anamoishi mtu. Basi mkimbizi wa vita aliyepewa chumba kwa jamaa, naye ana mlango.

Kinga hii ina mpaka. Kivu Kaskazini na Ituri, amri ya Mei 2021 ya utawala wa kijeshi iliruhusu msako mchana na usiku. Kivu Kusini haikutajwa humo.

Hakuna anayemwomba mama mwenye watoto abishane na mwenye bunduki. Ila kesho yake, mbele ya chifu, wakili au watetezi wa haki za binadamu, ataje mambo manne: waliingia saa ngapi, walikuwa wangapi na wamevaa nini, walionyesha karatasi gani, walichukua nini. Majirani walioona nao waseme. Mashitaka huanzia hapo.