Kete za kahawia zinalipwa wapi?

Ndugu zangu wasomi, leo sitaandika juu ya ajira wala siasa. Naandika juu ya mchezo wa mezani, na mnivumilie, maana umenirudisha kwenye historia ya ziwa letu.

Likizo iliyopita rafiki yangu anayesoma Kampala alirudi hapa Lusenda na sanduku la mchezo unaoitwa Puerto Rico. Uliutunga Mjerumani Andreas Seyfarth, ukatoka mwaka 2002. Tulikuwa wachezaji wanne, ubao kwenye mkeka, taa ya sola juu yetu. Kila mtu ana mashamba yake kisiwani: mahindi, nili, miwa, tumbaku, kahawa. Unavuna, unauza sokoni, au unapakia melini mali iende Ulaya. Kusema kweli ni mtamu. Soko lina nafasi nne tu, ukichelewa unakuta mwenzako ameshaweka kahawa yake. Meli moja inabeba aina moja ya mali. Ukikosa nafasi, mali inakuozea, unabaki na kipande kimoja. Mtu aliyewahi kungoja boti ya kwenda Uvira huku mvua inalowesha magunia yake ya ndakala anaelewa hapo hapo, hata bila kusoma kanuni.

Lakini shamba halizai lenyewe. Lazima uweke juu yake kete ndogo ya duara, ya rangi ya kahawia. Kete hizo zinaletwa na meli, na kanuni zinaziita walowezi. Mdogo wangu, aliyekuwa anatuangalia tu, akauliza: "Yaya, hawa wanalipwaga wapi?"

Tukapekua kanuni. Unalipia kiwanda, unalipia ghala. Kete hulipii kitu.

Tukaacha kucheza, tukaanza kubishana. Kwenye kisiwa chenyewe, Wahispania walileta Waafrika kwa nguvu tangu karne ya 16, na utumwa ulifutwa tarehe 22 Machi 1873. Mwaka huo nikaukumbuka mara moja. Tarehe 5 Juni 1873, Sultan Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba na Waingereza, soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Na njia iliyolisha soko lile ilifika mpaka huku kwetu.

Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858, wakapanda mitumbwi kwenda Uvira. Njiani Burton aliiandika Ubwari kuwa ni kisiwa (mtoto yeyote wa Baraka angemwambia kwamba ni rasi). Miaka iliyofuata, pembe za ndovu kutoka Manyema zilivushwa ziwa hadi Ujiji, zikapanda Tabora, zikashuka Bagamoyo, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Nani alizibeba? Hapa ndipo wengi wetu tunakosea, tunadhani wote walikuwa watumwa. Hapana. Mapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wafanyakazi hasa: walipatana ujira, wakalipwa nguo na ushanga, na tajiri akiwadanganya waliweza kutua mizigo na kumwachia porini. Nguo yenyewe iliitwa merikani kwa sababu ilitoka Marekani. Ila katika misafara kulikuwa pia na watu waliotekwa, wamefungwa minyororo, na kule pwani waliuzwa wao wenyewe. Ukihesabu pembe zilizofika Bagamoyo, huwezi kujua ipi ilibebwa na nani.

Na mkataba wa 1873 ulizuia biashara ya baharini. Haukufika ziwani. Miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan, yule Rumaliza, bado alikuwa na nguvu Ujiji na kaskazini mwa Tanganyika.

Mwaka 2022 lilitoka toleo jipya la mchezo, limesogezwa hadi mwaka 1897, wakati utumwa umeshaisha kisiwani. Labda ni bahati tu, lakini 1897 ndio mwaka amri ya Sultan ilipofuta hali ya utumwa kisheria huko Zanzibar.

Basi tukachora ubao wetu kwenye katoni: Uvira, Lusenda, Baraka, Kalemie, Kigoma, Ujiji. Kanuni ya mdogo wangu ni moja, kila kete ilipwe kabla boti haijaondoka. Rafiki yangu analalamika kwamba faida imekuwa kidogo na mchezo umekuwa mrefu. Mimi nikaongeza bariyeri mbili njiani, maana ubao wa Lusenda bila bariyeri ni uongo, akalalamika zaidi.

Kubwa tunalogombania ni hili. Rafiki anataka kete za aina mbili, za kulipwa na za minyororo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mdogo wangu anasema ya minyororo hataishika, hata kama ndiyo itakayomshindisha. Katoni iko nyumbani juu ya kabati. Kete za aina ya pili bado hatujazikata.