Uvuvi wa burudani na utalii wa uvuvi: utafiti wa uzamivu kuhusu usimamizi endelevu

Uvuvi wa burudani ni uvuvi ambao mvuvi hautegemei kwa chakula chake cha msingi na ambao mazao yake, kwa kawaida, hayauzwi. Hivyo ndivyo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilivyoueleza katika mwongozo wake wa mwaka 2012. Utalii wa uvuvi ni tawi lake la kibiashara: mgeni husafiri, hukodi boti, nahodha na vifaa, na anacholipia hasa ni nafasi ya kupambana na samaki. Swali linalowavuta watafiti wengi wa shahada ya uzamivu katika fani hii ni la kibayolojia: je, samaki aliyenaswa kisha akaachiliwa ataishi? Ni swali la maana. Hata hivyo, ushahidi kutoka Norwei, Ujerumani na Kenya unaonyesha kwamba usimamizi hukwama mahali pengine, yaani katika kujua ni samaki wangapi wanaotolewa majini na ni nani anayewatoa.

Upungufu huo wa hesabu ni wa dunia nzima. Mwaka 2004, katika makala yao, Steven Cooke na Ian Cowx walikadiria kwamba wavuvi wa burudani hunasa samaki wapatao bilioni 47 kwa mwaka, huwaachilia karibu theluthi mbili, na wale wanaobaki nao huenda wakafikia asilimia 12 ya mavuno yote ya samaki duniani. Makala hiyo imenukuliwa na watafiti wengi, lakini makadirio yake yalipatikana kwa kuchukua takwimu za Kanada na kuzitandaza juu ya ulimwengu mzima. Waandishi wenyewe hawakulificha hilo. Takwimu za nchi nyingi hazikuwapo.

Norwei ndiyo inayoonyesha vizuri namna tasnifu inavyoweza kubadilisha swali. Wageni, wengi wao Wajerumani, huenda huko kuvua chewa wa Atlantiki (Gadus morhua) na samaki wengine wa pwani. Kwa miaka mingi serikali iliwadhibiti zaidi mpakani: tangu 2006 kila mgeni aliruhusiwa kuondoka na kilo 15 za minofu au samaki. Keno Ferter, katika utafiti wake wa uzamivu kwenye Chuo Kikuu cha Bergen, aligeukia kile ambacho afisa wa forodha hakioni. Yeye na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba watalii walikuwa wakiachilia zaidi ya nusu ya samaki waliowanasa, wengi wao bila kulazimishwa na sheria. Katika majaribio ya baadaye, chewa waliovutwa kutoka kina kirefu walipasuka kibofu cha hewa kwa sababu ya mabadiliko ya mgandamizo, na kilichotofautisha wa kupona na wa kufa kilikuwa zaidi uwezo wa samaki kuzama mwenyewe baada ya kuachiliwa. Ukiyaunganisha matokeo hayo mawili, unaona kasoro ya sheria ya mpakani. Ilipima kilichomo ndani ya sanduku la barafu, nayo ikamwacha mgeni achague wakubwa na kuwarudisha wadogo wakiwa hoi, bila mmoja wao kuandikwa popote. Tangu 2018 biashara za utalii wa uvuvi ambazo wageni wake wanataka kusafirisha samaki zinapaswa kujisajili kwenye Kurugenzi ya Uvuvi na kuripoti mavuno, wakiwemo samaki walioachiliwa. Mwaka 2021 mgeni wa biashara iliyosajiliwa aliwekewa kikomo cha kilo 18, na asiyepitia biashara ya namna hiyo hakuruhusiwa kutoka na samaki wa baharini hata mmoja.

Wenye boti hupinga kwa hoja ambayo si ya kubeza: mshipi mmoja na ndoana moja haviwezi kulinganishwa na meli ya nyavu za kukokota. Kwa mvuvi mmoja hoja hiyo ni kweli. Kwa wavuvi laki kadhaa haisimami. Utafiti wa Strehlow na wenzake, uliochapishwa 2012, ulikuta kwamba chewa waliochukuliwa na wavuvi wa burudani wa Ujerumani katika Baltiki ya magharibi walikuwa sawa na kati ya asilimia 34 na 70 ya chewa walioletwa nchi kavu na wavuvi wa kibiashara wa nchi hiyo kutoka maji hayohayo. Baada ya hapo haikuwezekana kuwaacha nje ya hesabu. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uliwawekea kikomo cha chewa watano kwa siku, au watatu katika miezi ya kutaga mayai. Mwaka 2022 kikomo kikashuka hadi mmoja, na 2024 uvuvi wa burudani wa chewa huko ukapigwa marufuku kabisa. Kwa maoni yangu, kama hesabu ingeanza miaka 15 mapema, vikomo vya mwanzo vingekuja akiba ya chewa ikiwa bado na nguvu, na wenye boti za kukodisha wangepata muda wa kujipanga.

Hoja ya pili ni ya kiuchumi, nayo ni nzito zaidi: samaki anayenaswa na mtalii na kurudishwa baharini huleta fedha nyingi kuliko anayeuzwa kwa kilo sokoni, basi utalii upewe kipaumbele. Pwani ya Kenya ndiko hoja hii inakojaribiwa kwa dhati. Kutoka Malindi na Watamu hadi Shimoni, msimu wa kaskazi huleta nduaro na sulisuli, na pamoja nao wageni wenye fimbo za bei kubwa. Mpango wa kuwawekea samaki alama na kuwaachilia, unaoendeshwa na African Billfish Foundation, una kumbukumbu zinazorudi hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Lakini samaki haohao huvuliwa na wavuvi wadogo kwa chakula na kwa kuuza. Mwaka 2021 Nelly Kadagi na wenzake walichapisha utafiti kuhusu ushindani huo, na swali lililomo katika kichwa chake ni la wazi: safari za baharini au chakula?

Jibu la kiuchumi peke yake halitoshi, kwa sababu linajumlisha fedha bila kuuliza zinaishia mfukoni mwa nani. Ada ya boti humfikia mwenye boti, nahodha, mabaharia na hoteli. Mvuvi wa ngalawa anayeambiwa asimguse sulisuli hapati sehemu yake isipokuwa utaratibu umewekwa wa kumpa. Kumbukumbu za alama nazo, pamoja na thamani yake kubwa, huandika samaki wa watalii. Nduaro anayekatwa vipande ufukweni huhitaji mtu mwingine wa kumwandika. Vikundi vya Usimamizi wa Fukwe (BMU) vina nafasi ya kufanya kazi hiyo, maana viko pale samaki anaposhushwa.

Wapo watakaosema kwamba tasnifu inayochanganya biolojia, takwimu na uchumi wa jamii itakosa kina. Hatari hiyo ipo, na kamati za uzamivu zina haki ya kuihofia. Lakini takwimu za kuishi kwa samaki bila idadi ya wanaonaswa haziwezi kumsaidia anayepanga kikomo, na idadi bila kujua nani atabeba mzigo wa kikomo huzaa sheria ambayo hakuna anayeifuata ufukweni. Nduaro pia huvuka mipaka. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, kwa azimio lake 18/05, imeweka vikomo vya mavuno kwa aina nne za jamii hiyo, na kila nchi mwanachama inatakiwa kupeleka takwimu. Mwanafunzi wa Kenya au Tanzania anayetafuta mada ya uzamivu na aanzie hapo: achague mialo michache, ahesabu boti za watalii na ngalawa kwa kipimo kimoja kaskazi na kusi, kisha ndipo aulize ni samaki wangapi kati ya walioachiliwa walioishi.