Milimita 67 za Kidatu

Kilosa ina reli mbili ambazo haziwezi kupokezana hata behewa moja. Ya zamani ni reli ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 wakaifikisha Kigoma 1914. Mpya ni SGR, reli ya umeme iliyoanza kupeleka abiria Dodoma mwaka 2024. Lakini kisa kizito cha upana wa reli kiko kusini, ukishapita Mikumi.

Upana huo hupimwa kutoka ubavu wa ndani wa chuma kimoja hadi wa cha pili. Wajerumani walichagua milimita 1,000. Waingereza walikuwa wameshatumia kipimo hichohicho kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, na kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kilipokamilika mwaka 1963, behewa la Kilosa liliweza kufika Kampala kwa magurudumu yaleyale. Katika miaka hiyo ya 1960, tawi la Kilosa lilipita Mikumi likafika Kidatu, kwenye miwa ya Kilombero.

Kisha ikaja TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia.

Ilijengwa kwa msaada wa China kuanzia 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, kwa upana wa milimita 1,067. Hicho ndicho kipimo cha reli za Zambia na za kusini mwa Afrika kwa jumla. Uamuzi ulikuwa sahihi: shaba ya Zambia ilihitaji njia ya kufika baharini isiyopitia Rhodesia ya Ian Smith, na kuifaulisha yote mpakani kungekuwa mateso.

Mateso yakahamia Kidatu. Reli mbili zilikaribiana pale, zikatenganishwa na tofauti ya upana ya milimita 67, pungufu ya upana wa vidole vinne. Gurudumu la treni lina ukingo wa ndani unaolizuia lisitoke relini. Vyuma vikiachana kiasi hicho, ukingo haushiki tena. Mwaka 1998 kikafunguliwa kituo cha kufaulishia shehena: kreni ya kunyanyua kontena kutoka behewa moja na kulipakia kwenye jingine.

SGR, yenye milimita 1,435, imetoboa mahandaki manne katika milima ya Kilosa, wakati reli ya zamani bado inaandama bonde la mto Mkondoa, ambao mafuriko yake ya 2009 na 2010 yaliivunja vibaya. Tawi la Mikumi limebaki la upana wa mita moja. Shehena ya Kapiri Mposhi ikienda Dodoma kwa njia hiyo lazima ishushwe Kidatu, na ikitaka kumalizia safari kwa SGR, italazimika kushushwa mara ya pili.